Meno iko ndani ao haiko? Historia fupi ya jino na mutueli



Kila mwezi wa kwanza mama yangu hunipigia simu kwa jambo moja. Mtu wa mutueli ya afya ameshuka Kyavinyonge na daftari lake, anaandika familia, na mama anataka mtoto wake aliyesoma amwambie kama ni vema kulipa tena. Huwa namjibu alipe, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwaka huu hakuniuliza kama alipe. Aliniuliza hivi: "Weye njo ulisoma. Ile meno, iko ndani ao haiko? Na kama haiko, itaingia wapi?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwa nini anauliza, nikaacha kucheka.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minane alipoanza kutafunia upande mmoja. Mama alimfungua kinywa akaona tundu dogo jeusi kwenye gego la chini. Akasema ni jino la utoto, litaanguka lenyewe na lingine litaota. Jirani yeyote angesema vilevile. Kumbe gego lile halikuwa la utoto. Ni lile linaloota nyuma kabisa mtoto anapofika karibu miaka 6, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na kwa hiyo wazazi hawalioni likija. Kwa Kifaransa wanaliita jino la miaka sita. Likioza, hakuna lingine linalongoja chini yake. Mimi wakati ule nilikuwa tayari mwanafunzi Butembo, nilikuwa natembea na vitabu mkononi, na sikujua hata hilo.

Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya na karte ya mutueli mkononi. Akaambiwa karte haihusu meno. Kuziba hawazibi, kung'oa alipe mwenyewe. Kwa kuwa mtoto hakuwa analia sana, akarudi naye nyumbani. Mwaka ukapita kwa vidonge vya maumivu, karafuu na maji ya chumvi. Usiku mmoja shavu likavimba mpaka jicho likajifunga. Asubuhi hakuweza kufungua kinywa, na homa ilikuwa kali. Baba alikuwa ndiyo kwanza anatoka ziwani. Kabla jua halijapanda alikuwa ameuza wavu mpya kwa jirani, na wakapanda pikipiki, mtoto katikati, mlima wa kwenda Kyondo na kuendelea hadi Butembo.

Alilazwa siku sita. Na sasa sikilizeni: mutueli ililipa. Kitanda, sindano, maji ya mshipa, kutoboa jipu na kutoa usaha, yote ilibeba sehemu yake kama mkataba ulivyosema, maana huo haukuwa tena ugonjwa wa jino, ulikuwa ugonjwa wa kulazwa. Jino lenyewe lilipong'olewa baadaye, baba alilipa kutoka mfukoni. Wavu ulikuwa umekwenda kwa nauli, chakula na jino. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama halikuwa na wa kulilipia. Siku sita za hospitali zilimpata.

Mimi nilisoma historia, si uganga wala uhasibu. Swali la mama nimelipeleka kule ninakojua kutafuta: nani aliamua kwamba jino haliko mwilini?

Kwanza niseme kwamba kuwekeana mahesabu si jambo tulilosubiri kuletewa. Si mbali na kwetu, pale Ishango ambapo Semuliki inatoka ziwani, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa makundi. Wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka kama 20,000, na bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au kitu kingine. Mfupa wenyewe uko Brussels. Mimi ninaposhika daftari la likelemba la akina mama wauza samaki, lenye vistari vya nani ametoa na nani bado, huwa naona ndugu ya ule mfupa. Lakini huo ni utani wa mtu wa Kyavinyonge, msiuandike kwenye mtihani.

Mutueli kama tunavyoijua sisi, yenye karte, mchango wa mwaka na orodha ya magonjwa, ina ukoo Ulaya. Wafanyakazi wa viwanda walianza kuchangishana ili mmoja akiugua au akifa, familia isilale njaa. Ubelgiji iliipatia vyama hivyo sheria yake mwaka 1894. Ujerumani chini ya Bismarck ilikuwa imeshatangulia mwaka 1883 kwa kuwalazimisha wafanyakazi na waajiri kuchangia bima ya ugonjwa, mfanyakazi akitoa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Angalieni walichokuwa wanaogopa watu wale: mshahara kukatika. Bima ya mwanzo ilimtazama baba kama mashine inayoweza kusimama. Mtu mwenye jino bovu bado anaenda kazini. Anakunja uso, lakini anaenda. Basi jino halikuwa hofu ya kwanza ya mwenye mfuko.

Uingereza inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Sheria yao ya bima ya taifa ya mwaka 1911 ilimchukua mfanyakazi mwenyewe tu. Mke na watoto walibaki nje, isipokuwa kitu kidogo cha uzazi. Meno pia yalibaki nje. Yangeweza kuingia kwa mlango wa nyuma, yaani chama cha bima kilichobakiwa na ziada kiliruhusiwa kuwaongezea wanachama huduma nyingine. Watu walipopewa nafasi ya kuchagua ziada hiyo waiweke wapi, meno ndiyo yaliyopendwa kuliko mengine. Maana yake maskini wa kule hawakuwa wajinga kuhusu meno yao, waliyataka siku zote. Mfuko ndio haukuyataka.

Kisha ikaja tarehe 5 Julai 1948. Serikali ya chama cha Labour ilifungua huduma ya afya ya taifa, bure kwa kila mtu, na safari hii meno yalikuwa ndani kabisa, pamoja na meno bandia. Waziri alikuwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa. Watu walifurika. Walikuwepo wazee waliokula kwa fizi miaka mingi, na wanawake waliong'olewa meno yote wakiwa wasichana, maana ilikuwa kawaida sehemu nyingine kumng'olea binti meno yote kabla ya harusi ili mume asije akapata gharama. Someni tena sentensi hiyo. Hivyo ndivyo nchi tajiri ilivyochagua "mpango wa meno wa bei nafuu" kwa familia: uyatoe yote mara moja, tuyamalize.

Mafuriko hayo yaliitisha hazina. Mwaka 1951, Uingereza ikiwa na vita vya Korea vya kugharimia, bajeti ilikuja na pendekezo la kumlipisha mgonjwa nusu ya bei ya meno bandia na sehemu ya bei ya miwani. Bevan alijiuzulu mwezi wa Aprili mwaka uleule. Mwaka uliofuata malipo yakaongezwa kwa matibabu ya meno yenyewe. Huduma iliyojengwa ili iwe bure kwa kila kiungo cha mwili ilianza kupasuka, na mojawapo ya nyufa zake za kwanza ilipita mdomoni. Serikali iliangushiwa lawama nyingi kwa jambo hilo. Mimi, kusema kweli, ninaelewa pande zote mbili. Mwenye kulipa aliona watu milioni wanakuja siku moja na madeni ya miaka 40 vinywani. Hakuna mfuko unaopenda siku kama hiyo.

Hapa ndipo nilipompigia mama simu nikajaribu kumweleza kwa lugha ya ziwani. Mutueli, nilimwambia, ni kama wavuvi ishirini wanaowekeana mtumbwi wa akiba. Kila mwaka huenda mtumbwi mmoja utapasuka, hawajui wa nani, basi kila mtu anatoa kidogo na aliyepasukiwa anapewa. Hesabu inakaa sawa kwa sababu mitumbwi kumi na tisa haijapasuka. Sasa jino ni kama wavu. Wavu wa kila mtu unachanika, kila mwaka, na kila mtu anajua. Mkiweka mfuko wa kulipia nyavu, mfuko utaisha mwezi wa pili. Na kuna ubaya mwingine: mtu ambaye wavu wake uko salama hataingia, atangoja uchanike ndipo aje kujiandikisha. Wenye jino linalouma wanajiunga, wenye meno mazuri wanakaa pembeni, mfuko unakufa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Lakini wavu hatungojeaka uchanike yote. Tunashonaka kila asubui."

Miaka yangu ya chuo haikuwa imenipa jibu la hilo. Niliandika maneno yake pembeni ya karatasi, nikaendelea kutafuta nikiwa na sentensi yake kichwani.

Huku kwetu Kongo habari ilikwenda kwa njia yake. Wakati wa Wabelgiji, makampuni makubwa yaliwatibu wafanyakazi wao kwa sababu yalitaka mikono yao, na mwaka 1930 ulianzishwa mfuko wa FOREAMI wa kutibu watu wa vijijini, ukianzia Kongo ya Chini. Malale na magonjwa mengine makubwa ndiyo yaliyopigwa vita. Pwani yetu ya ziwa Edouard inajua malale ilivyohamisha watu. Mwaka 1961, nchi ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, iliundwa INSS ya hifadhi ya jamii. Ilihusu pensheni, ajali za kazini na posho za watoto, tena kwa mwenye mshahara. Ugonjwa wa kawaida haukuwemo, na mvuvi hakuwemo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema serikali iliondoa bima ya afya kwa mvuvi, mwambie haikuwahi kumpa.

Mfano mzuri tuliojitengenezea wenyewe uko mbali na hapa, Bwamanda kule Ubangi, na ulianza mwaka 1986. Hospitali ya pale, pamoja na shirika la maendeleo la CDI, waliwaambia watu walipe mchango wa mwaka ili wakilazwa wabebe asilimia 20 tu ya gharama. Mambo mawili waliyofanya yanastahili kusomwa na kila mtu anayetaka kuanzisha mutueli. La kwanza, walikusanya pesa wakati wa kuuza mavuno, kahawa ikiwa imelipwa na makuta yakiwa mkononi. Hawakwenda kugonga mlango wakati wa njaa. La pili, hawakukubali uandike mgonjwa peke yake. Unaandika nyumba nzima au unaacha. Hivyo walikwepa lile la wavu uliochanika. Rwanda nao walipojenga mutueli zao, wakianza na majaribio ya mwaka 1999, walifika kwenye kanuni ileile ya nyumba nzima. Sheria yetu ya Kongo kuhusu mutueli ilikuja baadaye sana, tarehe 8 Februari 2017.

Kwetu Butembo na Beni tulipata somo lingine bila kuliomba. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, matibabu yalifanywa bure kwa muda katika zone za afya zilizoguswa. Ukiacha hofu yote na ghasia zote za miaka ile, jambo moja lilionekana waziwazi: vituo vilijaa. Watu walitoka na malaria, na kuhara, na vidonda vya zamani. Walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, ni bei iliyokuwa imewaficha nyumbani. Namkumbuka mama na karte yake mkononi, akirudi na mtoto aliyekuwa hajaanza kulia.

Sasa nirudi kwenye sentensi yake ya kushona. Mahali nilipoikuta ni bandarini, Marekani, pwani ya Pasifiki. Wapakiaji wa meli wa kule walikuwa na chama chao kikali, ILWU, kilichozaliwa katika migomo ya miaka ya 1930. Mwaka 1954 mfuko wa afya waliokuwa nao pamoja na waajiri ulikuwa na ziada. Wakakaa kuamua ziada iende wapi, kama Waingereza wale wa zamani, na wao pia wakachagua meno. Lakini hawakusema meno ya kila mtu. Walisema meno ya watoto wetu. Wakaenda kwa vyama vya madaktari wa meno wa majimbo ya pwani, wakawaambia: pesa hizi hapa, tutengenezeeni huduma ya kulipiwa mapema kwa watoto. Kutokana na mazungumzo hayo ndiyo yalizaliwa mashirika ya kwanza ya bima ya meno ya Marekani, ambayo leo yana wanachama mamilioni.

Fikirieni akili iliyomo hapo. Watu wenyewe walikuwa wamevunjika meno, kazi yao ya makreti na kulabu, wengi wao bila shaka walihitaji meno bandia kuliko mtoto yeyote. Wangeanza na vinywa vyao, ziada ingekwisha haraka kama hazina ya London ilivyotishika. Kinywa cha mtu mzima ni deni la zamani. Kinywa cha mtoto wa miaka saba ni wavu mpya: tundu bado ni dogo, kuliziba ni kazi ya muda mfupi na gharama yake inajulikana. Mfuko unaweza kuubeba mzigo huo mwaka baada ya mwaka bila kuzama. Walikuwa watu wa majini kama sisi, na walijua kushona asubuhi.

Mtu atasema: sawa, lakini kuziba jino kunataka umeme, kiti kile cha kulala, mashine ya kutoboa, na Kyavinyonge hakuna. Nami niliamini hivyo. Ndiyo sababu tunayopewa kila mara, kwamba kijijini kinachowezekana ni kung'oa tu. Sababu hiyo imeshapitwa na wakati, na iliyempita ni Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken, ulikuwa unafanya kazi sehemu zisizo na umeme. Wakaanza kutumia vyombo vya mkono tu: unakwangua sehemu iliyooza na kikwanguo, unaisafisha, unajaza simenti ya meno inayojishika yenyewe na kugandia jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, maana hutoboi sehemu iliyo hai. Watu wakadhani ni matibabu ya kimaskini ya muda, mpaka utafiti ukaonyesha kwamba kwenye matundu madogo vizibo hivyo vinadumu. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya afya duniani ikiwa imepewa mada ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo kwa nchi zote. Mwaka 2021 simenti hiyohiyo iliingizwa kwenye orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, ile ambayo kwetu tunaiita kolgate hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Kwa hiyo mwakilishi anaposema "kuziba, hapana", anarudia orodha iliyoandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria mashine. Hana kosa yeye, daftari si lake. Lakini orodha inaweza kuulizwa.

Tukauliza. Mwezi wa pili nilishuka nyumbani, na mwakilishi aliporudi kumalizia makusanyo, tulikuwa tumemngoja: mama, shangazi zangu wawili, na baba aliyekuwa anajifanya anatengeneza mtumbwi lakini anasikiliza. Nilitaka niongee mimi, na mama akanizuia kwa mkono. Akamuuliza kwa heshima, "Kaka, unisaidie. Mtoto akivimba shavu usiku, munalipa?" Akajibu, ndiyo, ile ni urgence. "Kungoa jino?" Sehemu fulani, mahali fulani, kwa barua ya kituo. "Kama leo nimejiandika, kesho naweza kuja?" Hapana, kuna miezi mitatu ya kungoja. "Na kama nikiandika watoto tu, niache wazee?" Haiwezekani, ni nyumba nzima. Nilikaa pale nikaona kanuni ya Bwamanda inasomwa na mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Bwamanda. Mwisho mama akamuuliza la kuziba. Yule bwana akakuna kichwa. "Mama, kusema ukweli, hapana mtu alishaka uliza ile."

Akaiandika, tuliona akiiandika. Mkutano mkuu wa wanachama uko mwishoni mwa mwaka, na orodha hubadilishwa pale, kwa kura. Hilo mimi mwenyewe nilikuwa sikujua, na ndiyo tofauti kubwa kati ya mutueli na kampuni ya bima: kwenye mutueli wewe si mteja, una sauti. Lakini wangapi wetu wenye diplome wamewahi kukaa kwenye mkutano huo? Tunawaachia mama zetu walipe, na orodha tunawaachia wengine waiandike.

Nyumba yetu ilikata shauri siku ileile. Mutueli inalipwa, kwa watu wote saba, kwa ajili ya kitanda, upasuaji na usiku mbaya. Hatutafuti tena mutueli nyingine iliyo ghali zaidi kwa sababu tu imeandika neno "meno" kwenye karatasi, maana tuliziangalia mbili na kwenye zote neno hilo lilikuwa na maana ya kung'oa. Meno tumeyaweka pengine. Mama yuko kwenye MUSO ya wauza samaki. Wanaoijua MUSO wanajua masanduku yake: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la matatizo, la buluu la pesa zinazotoka nje. Sanduku jekundu lilikuwa la kilio na la kulazwa. Akina mama wamekubaliana kwamba kuanzia mwaka huu mtoto wa mwanachama mwenye miaka kati ya 6 na 12 anaweza kusaidiwa nauli na gharama ya kuziba jino moja, kwa masharti ambayo yalinishangaza kwa ukali wake: apelekwe kabla halijaanza kuuma. Likishauma, mzazi anajilipia. Nilidhani wamekosea, nikasema mbona mnamwadhibu mwenye maumivu? Shangazi akanijibu kwamba mwenye maumivu atatafuta pesa popote, hata atauza wavu. Asiye na maumivu ndiye hatakwenda bila kusukumwa.

Sikubaliani naye moja kwa moja, na niliwaambia hivyo. Kuna mama mjane kwenye kundi lao ambaye hana wavu wa kuuza. Wakasema watalitazama kwenye kikao kijacho, na mimi najua vikao.

Jumamosi iliyofuata kabla sijapanda kurudi Butembo, tuliwaketisha watoto wa uani kwenye mtumbwi uliogeuzwa, wakielekea jua, tukawafungua vinywa mmoja mmoja. Kumi na moja. Mama alikuwa anatafuta gego la nyuma, lile la miaka sita, kwa tochi ya simu yangu. Watatu walikuwa na tundu. Majina yao ameyaandika kwenye daftari lilelile la samaki, na mbele ya kila jina amechora kistari kimoja, bado hajakikata.